Nta Isiyoonjwa

Kwa baba mdogo tulivaa mashati kinyumenyume. Kifua cha shati kilikaa mgongoni na vifungo vikashuka kwenye uti wa mgongo, kwa sababu, alisema, kifungo kimoja kikigusa ubavu wa gari kinaandika mstari ambao hata mjukuu wa mwenye gari atausoma. Mikanda tuliivua mlangoni, suruali tukazifunga kwa kamba ya katani. Saa, pete, hata rozari ya mteja aliyekuja kuchungulia kazi yake, vyote vililala kwenye bakuli la bati dirishani. Wanawake waliopita kwenda sokoni Kasulu walitupigia kelele kila asubuhi.

"Nyie, mnakwenda au mnarudi?"

"Muulizeni aliyewavalisha!"

Baba mdogo aliendelea na kazi. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na nilikuwa na haya, lakini nililivaa shati langu kinyume kama padri anavyovaa joho lake.

Uwanja wetu ulikuwa kando ya barabara iendayo Kibondo. Miaka ile ya tisini magari yalikuwa yameongezeka: malori ya mazao, magari meupe ya kambi za wakimbizi, magari ya maofisa, yote mekundu kwa vumbi kiasi kwamba mtoto angeweza kuyachanganya. Mengi yalitaka maji tu. Machache yalitaka kuamshwa. Hilo lilikuwa neno la baba mdogo. Rangi ya gari haifi, alisema, inalala. Jua linailaza, vumbi linaifunika shuka. Kazi ya fundi ni kuisugua polepole mpaka ifumbue macho, kisha kuipaka nta ili isilale tena upesi.

Na kulikuwa na sheria moja kubwa kuliko ya vifungo. Milango, alisema, ni mikono ya gari. Paa ni nywele. Boneti ni uso, na uso haunawishwi na kila mtu. Boneti aliigusa fundi peke yake, na pale uwanjani fundi alikuwa mmoja, yeye. Mimi nilikuwa "kijana". Kwa miaka miwili nilisugua milango, madigadi na bampa, na kila gari lilipofika mwisho nilisimama pembeni na kitambaa changu, nikimtazama anavyoinama juu ya ule uso kwa upole ambao sikumbuki kama aliwahi kumpa mtu.

Nilingoja. Macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu, na sote tulijua, ingawa hakuna aliyesema. Hakuona tena mikwaruzo midogo. Aliitafuta kwa mgongo wa mkono, akiupitisha juu ya bati kama mtu anayepima homa ya mtoto. Siku moja angegeuka na kusema, "Fundi, boneti hiyo." Nani mwingine angeambiwa? Nilikuwa mtoto wa kaka yake. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne. Nilikuwa nimekwisha kulisikia neno hilo masikioni mara nyingi, kwa sauti yake, nikiwa peke yangu.

Ndipo akaja dada mmoja kutoka Kibondo na kopo la nta kichwani.

Familia yao ilikuwa imevuka kutoka Burundi enzi za babu yake. Yeye mwenyewe alizaliwa Kibondo na hakuwahi kuishi kwingine. Baba yake alikuwa mtu wa mizinga ya nyuki, rafiki wa siku nyingi wa baba mdogo, na kwa nta yake binti alikuwa aking'arisha mabenchi ya kanisa na gari kuukuu la padri. Sasa baba yake alikuwa amefariki, na alitaka kazi. Alikuwa amenizidi miaka mitano hivi. Gauni lake halikuwa na kifungo hata kimoja. Niliona baba mdogo akiliona hilo kabla hajaona lolote jingine.

Alimpa mlango wa pikapu mbovu uliokuwa umeegemezwa ukutani, umepauka kama ganda la muhogo. Dada yule alifanya kazi mpaka mchana. Hakukandamiza. Mkono wake ulizunguka viduara vidogo, kimoja kikishika mkia wa kingine, huku akiimba chini chini wimbo wa kanisani wa Kirundi. Alipomaliza, baba mdogo alikuja akapitisha mgongo wa mkono juu ya mlango ule, kutoka kitasa mpaka bawaba. Akarudia.

"Hm," akasema.

Miaka miwili nilikuwa nimeingoja hiyo "hm".

Watu husema wivu ni moto. Wangu ulikuwa vumbi la Kasulu. Nilifunga madirisha nikalikuta kwenye chakula. Nilihesabu mara ngapi baba mdogo anamwita dada yule "binti yangu" kwa siku. Nilinusa vitambaa vyake. Jioni, nyumbani, nilichukua beseni la kufulia nikajifunza vile viduara vyake, na vilipokaribia kufanana na vya kwake nililitupa beseni, kwa sababu hata kufaulu kulikuwa ni kwake. Kitambaa chake kilipoanguka chini hakukiokota, maana kitambaa kilichogusa udongo kimeshakufa, kina mchanga wa kukwaruza. Hiyo ilikuwa sheria yetu, hakuna aliyemfundisha, naye aliijua. Hata hilo lilinichoma.

Mwezi uliofuata likaja gari la Alhaji.

Alhaji alikuwa mfanyabiashara wa vitambaa pale mjini, mwenye ndugu pwani, na ndugu hao walikuwa wamemtafutia gari la Kijerumani jeusi, la mkono wa pili, la kifahari kuliko chochote tulichowahi kukigusa. Lilikuja mpaka Kigoma kwa treni, juu ya behewa la wazi. Jua la bara zima lilikuwa limelipiga. Weusi wake ulikuwa umegeuka majivu. Kwenye paa kulikuwa na utomvu, na kwenye boneti vinyesi vya ndege vilikuwa vimeila rangi vikaacha alama kama za ndui. Lakini mlango wake ulipofungwa ulitoa sauti nzito, ya taratibu, kama mzee anayefunga kitabu. Nililionea wivu hata gari lenyewe, kwa uhakika wake kwamba litaamshwa.

"Binti yangu anaolewa Kibondo," Alhaji alisema. "Jumamosi alfajiri anaondoka humu ndani. Nataka akifika, wakwe waone nyuso zao kwenye hili gari kabla hawajauona wa kwake."

"Watajiona," baba mdogo akasema. Kisha, bila kunigeukia, "Boneti atapiga dada yako."

Alisema kama anayesema mvua haitanyesha leo.

Tulifanya kazi siku tano. Tuliliosha kwa maji ya chemchemi, mara mbili, bila kusugua, tukiacha maji yenyewe yabebe mchanga. Utomvu tuliulainisha kwa mafuta ya taa. Palipokwaruzwa sana tulipitisha msasa wa maji, mwepesi kama ukucha, kisha kompaundi ya kung'arishia, kisha kitambaa cha flana, kisha flana nyingine. Na weusi ukaanza kurudi. Ulirudi kutoka chini, kama maji yanavyorudi kwenye kisima baada ya kiangazi. Nilifanya milango yangu vizuri, naweza kuapa. Lakini kila nilipoinua macho nilimwona yeye kwenye boneti, na alama za ndui zikififia chini ya viganja vyake.

Alhamisi baba mdogo alipanda basi kwenda Kigoma kutafuta mipira ya madirisha, akasema atarudi kesho yake kabla ya adhuhuri. Kazi iliyobaki ilikuwa nta. Nyuma ya kibanda dada yule alichemsha nta yake ndani ya maji, akaichuja kwa kitambaa, akaiacha igande, akakwangua uchafu wa chini, akairudisha motoni. Mara tatu. Na kila mara alimega punje akaiweka ulimini, akafumba macho, akatema. Mwisho aliiyeyusha na tapentaini kidogo mpaka ikawa laini kama siagi. Nilimchungulia kuanzia mwanzo hadi mwisho. Yote niliyaelewa isipokuwa ule ulimi. Nikasema moyoni, hizi ni mbwembwe za watu wa Kibondo, wanataka tudhani wana siri.

Alasiri tulipaka paa, milango na nyuma. Boneti aliiacha.

"Kesho asubuhi, bati likiwa baridi," alisema, akafunika kopo lake.

Nilikwenda sokoni jioni ile. Muuza asali mmoja aliniuzia bonge la nta ya manjano, na lilinukia kiasi kwamba watu waligeuka. Nta ya dada yule haikuwa na harufu yoyote. Nilifurahi: yangu ilikuwa kali zaidi. Nikaiyeyusha mara moja, nikaichuja mara moja, nikaongeza tapentaini niliyoichota kwenye chupa ya baba mdogo.

Ijumaa nilifika uwanjani kabla ya jua. Nilivaa shati langu kinyume. Nikasimama mbele ya boneti ile, hakuna mtu wa kuniambia nisogee. Nilizungusha viduara vidogo, kimoja kikishika mkia wa kingine. Vilikuwa vya kwake, na nilivifanya. Niliipaka nene, nikangoja ikauke, nikaifuta kwa flana safi, na kulipokucha uso wangu ulitokea mle ndani, mweusi, mpana, wenye mawingu nyuma yake. Sijawahi kujipenda namna ile.

Dada yule alipofika alisimama mbali kidogo.

"Umeamka mapema, kaka."

"Kazi haingoji."

Alikuja akainama. Hakutazama, alinusa. "Umeionja?"

"Dada, huku kwetu gari tunalipaka, hatulilambi."

Hakucheka. "Tuifute. Muda upo bado."

"Unataka ifutwe kwa sababu si mkono wako," nikamwambia. Nilimpa moyo wangu mwenyewe, nikauita wake.

Kabla hajajibu Alhaji aliingia na dereva wake. Alilizunguka gari mara moja, akashika ndevu, akasema mashaallah, na likaondoka. Nililifuata kwa miguu hadi nyumbani kwake. Nilitaka kusikia watu wakisema. Dada yule alinifuata pia, akiwa na kopo lake kichwani.

Gari liliegeshwa mbele ya nyumba, juani. Wanawake walikuwa wakichambua mchele kwenye mikeka kwa ajili ya wageni, na wakayaacha masinia wakaja kujitazama. Mmoja alijifunga upya mtandio wake akijitazama kwenye boneti yangu. Nilisimama karibu, nikiona aibu ya raha.

Ilikuwa kiangazi. Miti ilikuwa imemaliza maua yake. Kama saa nne hivi, jua lilipoanza kulichemsha bati, nyuki mmoja akatua. Yule mwenye mtandio alimpungia mkono. Wakaja saba. Kisha sikuweza kuhesabu. Boneti iliota manyoya ya kahawia yanayotembea, na wanawake wakanyakua masinia wakakimbia nayo vichwani.

"Wametumwa hao!" mtu akapiga kelele toka barabarani.

Kwetu nyuki wakitua juu ya mali, watu hawaulizi maua yako wapi. Wanauliza mali ni ya nani. Mtu aliyeibiwa huenda kwa mganga, na nyuki huletwa mpaka juu ya kitu chake.

"Gari la watu hilo!"

"Ndiyo maana lilikuja kwa treni!"

Alhaji alitoka na kanzu yake ya Ijumaa, akarudi ndani mbio, akatoka na kadi ya gari. Aliifungua mbele ya nyuki kama mbele ya askari. "Nimenunua! Hili hapa jina langu! Hili hapa!"

"Nyuki hawasomi, Alhaji," bibi mmoja alimwambia kwa upole.

Niliona mdomo wa Alhaji unavyocheza. Kesho binti yake angeondoka ndani ya gari hilo, na habari ingefika Kibondo kabla yake. Ndipo mwanamke mmoja akaliona kopo.

"Si huyu hapa? Si ndiye mtu wa mizinga? Kawaleta yeye!"

"Arudi kwao!"

Baba mdogo akatokea wakati huohuo, ametoka stendi na mipira ya madirisha begani. Alisimama akainamisha kichwa, akisikiliza ngurumo ile.

"Wako wapi?"

"Kwenye boneti tu, baba," mtu akamjibu. "Kwingine hakuna hata mmoja."

"Boneti." Akamgeukia dada yule, kwa sababu boneti alikuwa amempa yeye. "Binti yangu."

Dada alinitazama. Alinitazama muda wa kumeza mate mara moja, kisha akatazama chini. Hakunitaja. Na baba mdogo, katika ukimya ule, akanyoosha mkono upande wangu, akipapasa hewani mpaka akalipata bega langu.

"Basi," akasema. "Utairudia wewe. Kalete flana, fundi."

Lilikuja hivyo, neno lile. Kwa sauti yake, mbele ya watu, na mkono wake begani mwangu. Sitadanganya: nililipokea. Kwa muda fulani, sijui mrefu kiasi gani, nilikuwa fundi wa Kasulu na nilisema "ndiyo, baba". Hata hatua moja niliipiga.

Kilichonirudisha ni kitu kidogo. Dada yule alikuwa ameanza kuisokota ngata yake upya, kwa utaratibu, ili aliweke kopo vizuri kichwani kwa safari ndefu. Hakuwa na hasira. Aliisokota kama mtu aliyekwisha kuisokota kwa sababu hiyohiyo siku nyingine, mahali pengine.

"Boneti ni yangu," nikasema.

Baba mdogo hakuondoa mkono. "Sema tena."

"Niliipaka mimi. Alfajiri. Kwa nta yangu."

Vidole vyake vikakaza begani mwangu.

"Uliionja?" akauliza. Swali lilelile. Kumbe alilijua, alijifunza kwa baba yake dada huyo, miaka ambayo mimi sikuwa nimezaliwa, na hakuwahi kuniambia kwa sababu sikuwa nimefika kwenye boneti.

"Sikuionja."

"Kaionje."

Nilidhani ni mzaha. Bega langu lilisukumwa. Nilikwenda hadi kwenye gari, nikaupenyeza mkono wa kulia kati ya nyuki wale, nikakwangua nta kwa kidole. Walinichoma mara nne, tano, sikuhesabu. Nikaweka kidole mdomoni mbele ya Alhaji, mbele ya wanawake wa masinia, mbele ya wote waliosema nyuki wametumwa.

Ilikuwa tamu.

"Asali," nikasema. Machozi yalinitoka kwa maumivu na nikaacha yatoke. "Ina asali. Sikuichemsha nta mpaka ikaisha. Wamefuata asali tu."

Kwanza alicheka yule bibi. Kisha wote. "Kapaka gari chakula!" "Alhaji, kesho mpakie maandazi!" Alhaji aliikunja kadi yake taratibu, akaketi kwenye ngazi, akajipangusa uso kwa kofia.

"Jua likishuka watarudi nyumbani wenyewe," dada yule alisema, akilitua kopo lake chini, kisha akawataja nyuki kwa Kirundi. "Inzuki hazilali njiani."

Ikawa kama alivyosema. Alasiri, kivuli cha nyumba kilipolifunika gari, nyuki waliondoka wachache wachache. Aliitoa nta yangu kwa maji ya moto na kitambaa chenye mafuta ya taa, akakausha, akaipaka ya kwake, nyembamba mno, na kabla ya adhana ya magharibi boneti ilikuwa nyeusi kama mboni. Mimi nilishika bakuli kwa mkono wa kushoto. Wa kulia ulikuwa umevimba kama andazi kweli.

"Ego," ndiyo ya Kirundi, alisema mara moja tu, nilipomsogezea flana kabla hajaiomba. Hakusema kingine, na nilimshukuru kwa hilo, na nilimchukia kidogo kwa hilo.

Jumamosi alfajiri sote tulikuwa pale Alhaji alipotoka na binti yake aliyefunikwa kwa baibui na marashi. Alhaji alisimama mbele ya boneti, akajiona, akauliza, "Nani kaifanya hii?"

"Fundi wangu," baba mdogo akajibu, akaelekeza kidevu. Nilijua kinaelekea wapi. Hata hivyo niligeuka kutazama.

Alhaji alimshukuru dada yule kwa maneno marefu. Kisha akanikumbuka, akaniletea mkono, nami nikampa kifundo cha mkono kwa kuwa kiganja hakikushikika. Gari likaondoka. Lilipofika kwenye kona ya barabara ya Kibondo, vumbi jekundu lilipanda nyuma yake, likarushwa na upepo, likalipita gari kwa mbele. Watu wote walikuwa wakimpungia bibi harusi. Mimi nilikuwa nikiitazama boneti, na niliomba, kwa moyo wangu wote, vumbi lishike.

Halikushika.